Bei Zilizositiriwa

Wanawake waliokuja kumwosha marehemu Bi Tabu walivua vikuku vyao vya bei wakavitundika kwenye msumari wa mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyetaka bei za soko zimfuate mtu mpaka kwenye kitanda cha kuoshea. Lakini vikuku havikutulia. Bi Mwajabu alikuwa anamimina maji ya mwisho, yale ya kafuri, alipovisikia huko nje vinagongana na kujikunja, kila kimoja kinabana hewa kana kwamba mna mkono ndani yake. Wenzake wawili wakatupiana macho. Yeye hakuinua uso. Akamaliza, akamkausha maiti, akamvika sanda, na yote aliyoyaona kwenye mwili ule akayaacha palepale. Mwosha akishatoka mlangoni hana alichokiona. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyoishi.

"Imeshuka tena," mwenzake mmoja alisema walipokuwa wananawa.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Kondoa nzima ilijua ni Kisima Anga, kampuni ya minara inayovuta maji kutoka hewani. Mwaka wa ukame mkubwa hisa zake zilipanda mpaka watu wakawa wanapongezana njiani kama siku ya Idi. Sasa zilikuwa zinaporomoka, na kila zikishuka kikuku kinabana, zikipanda kinapata joto, na katika kila nyumba mkubwa wa nyumba alikivaa. Watoto walijifunza kusoma uso wa bibi kabla ya kuomba chochote.

Mji ulikuwa na Mfuko wa Maji, uliochangwa kwa alizeti na ulezi wa misimu mingi, wa kuchimbia visima virefu baada ya mto kubaki mchanga mtupu. Baraza lilitaka mfuko wote ununue hisa za Kisima Anga wakati ziko chini, ili zikipanda mji upate minara badala ya visima. Zikipotea, hakuna visima wala minara, na mji usio na maji watu huuhama. Kura ingepigwa Ijumaa, baada ya sala.

Mgeni angeshangaa watu wapole kama hawa wameupata wapi ujasiri huo. Waliupata kwa Mkumbushi.

Walioutengeneza mtambo ule walitaka kuuita Mtabiri. Masheikh wakakataa, wakasema huo utakuwa mlango wa ramli. Basi ukaitwa Mkumbushi, maana hautabiri, unakumbuka tu. Ulilishwa bei za kampuni zote za kanda tangu soko lilipoanza: kila siku hisa ilifunguka kwa bei gani, ilipanda mpaka wapi, ilishuka mpaka wapi, ilifunga vipi, nani alinunua na nani aliuza. Ukiuliza jambo, Mkumbushi hutafuta huko nyuma siku zinazofanana na hizi, akakwambia zilifuatiwa na nini. Na kuhusu Kisima Anga alikuwa amekwisha kuwaambia: hisa zilizoanguka namna hii, zote ziliinuka.

*

Mchana ule fundi Paskalina alimwita Mwajabu aje Nyumba ya Bei, alikokaa Mkumbushi. Paskalina alikuwa mwanamke mrefu wa makamo kutoka Babati, Mkatoliki asiyekosa misa, mwenye mazoea ya kutafuna muhogo mbichi huku akisemeshana na mtambo kama mtu na mume wake. Leo muhogo ulikuwa mezani, haujaguswa.

"Mama Mwajabu, kaa," alisema. "Nikuonyeshe kitu, halafu ukitaka kunitukana utanitukana."

Akaanza mbali. Akamkumbusha kazi waliyoifanya pamoja wakati kampuni ya ufuta ilipoikata kila hisa yake ikawa mbili. Siku ile bei ilionekana imeanguka nusu kwa asubuhi moja, watu wakashika vichwa, kumbe hakuna aliyepoteza kitu: aliyekuwa na hisa moja ya mia amebaki na mbili za hamsini. Ikabidi wao wawili warudi nyuma, bei zote za zamani za kampuni ile wazigawe kwa mbili, Mkumbushi asije akakumbuka anguko ambalo halikuwapo. Mwajabu hakuwa ameisahau kazi ile. Iliwatoa jasho.

"Tulisawazisha vizuri?"

"Tulisawazisha."

"Basi bei zilizomo humu ni za kweli, kila moja. Sasa sikiliza." Akaugeukia mtambo. "Mkumbushi, kampuni zilizoanguka kama Kisima Anga ziliishia wapi?"

"Ziliinuka," Mkumbushi alijibu kwa sauti yake ya upole. "Nyingine upesi, nyingine kwa kukawia. Zote ziliinuka."

"Na zilizokufa?"

Mtambo ukapapasa kama mtu aliye gizani. "Sina kampuni iliyokufa."

Paskalina akamtazama mama mtu mzima usoni. Akasema ukimfundisha mtu uganga wa hospitali, ukamwonyesha wale wagonjwa waliopona tu, atamwahidi kila mgonjwa kwamba atapona. Hatakuwa mwongo. Atakuwa anasema alichokiona.

Hakuhitaji kuendelea. Mwajabu alikuwa amekwisha kufika. Zile kampuni zilizokufa, ni yeye aliyezificha.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili, na machoni pake ilikuwa kazi ileile moja. Mtu akifa kwa aibu, mwosha humfunika. Kampuni ikifa, mwenyewe akafilisika, watu wakaumia, wazee walimwita aje Nyumba ya Bei. Anaweka kiganja kwenye kioo, anasema bismillahi, na bei za kampuni ile zinazama chini, hazifutwi ila hazitajwi tena, ili watoto wa mwenye kampuni wasinyooshewe vidole harusini. Mji uliita jambo hilo sitara. Walilifanya kwa wema. Katika kanda nzima hapakuwa na watu waliowaheshimu marehemu wao kama watu wa Kondoa, na kwa heshima hiyo walikuwa wamelea mtambo usiojua kwamba kuna kufa.

"Siwezi kuzifunua mimi," Paskalina alisema. "Kioo hakiujui mkono wangu. Na wewe mwenyewe, sheria ya nyumba hii inakuruhusu za ukoo wako tu. Za wengine mpaka wafiwa waje waseme. Sikuombi za watu, Mama. Naomba Mwanga wa Kolo."

Mwajabu alijifunga upya mtandio, ingawa ulikuwa umekaa sawa. Akasema atafikiri. Jioni nyumbani maharage yaliungua, na yeye mwenyewe hakukumbuka kuyabandika.

Mwanga wa Kolo ilikuwa kampuni ya marehemu mume wake, Mzee Sufiani. Ilitandaza vioo vya kuvuna jua kwenye miamba ya Kolo, na nusu ya waumini wa msikiti wao walikuwa na hisa zake. Ilipoanza kushuka, Sufiani hakumdanganya mtu. Alisimama baada ya sala akasema itainuka, kwa sababu aliamini itainuka. Na kwa kuwa alikuwa mweka hazina wa mfuko wa yatima, aliuchukua mfuko ule wote akanunua hisa zikiwa chini, yatima nao wapate. Hazikuinuka. Wazee wakamwona ameanguka kitandani, hali wala haongei, wakaamua jambo lisitiriwe. Yatima wakaambiwa ukame umeumaliza mfuko wao. Sufiani akafa kabla ya mvua, na Mwajabu akazifunika bei zake kwa mkono wake mwenyewe, bado yumo kwenye eda. Wale wazee nao wote wameshatangulia. Waliobaki wanaojua habari ya mfuko walikuwa wawili: yeye na wifi yake.

*

Wifi yake, Bi Hidaya, alikuwa barazani anapepeta ulezi. Alipomwona mgeni hakuinuka.

"Wifi yangu akija bila kuitwa, najua kuna msiba au unga umekwisha," alisema. "Msiba wa Bi Tabu tumeuzika jana. Nikupimie?"

"Nipimie ukarimu kwanza, unga baadaye."

Hidaya akacheka, akamsogezea kigoda. Walikuwa wametaniana hivyo tangu siku Mwajabu alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi, na Hidaya akamwambia kwamba kaka yake ameoa mtu anayetembea kama anahesabu mawe. Basi walikaa, wakaulizana hali, na Mwajabu akamweleza yote polepole, mtambo usiojua kufa, Mfuko wa Maji, Ijumaa. Ungo ulikuwa umesimama tangu jina la Kolo lilipotajwa.

Hidaya hakupaza sauti. Alisema wao wameishi na jambo lile kifuani mpaka nywele zimekuwa nyeupe, wajukuu wa Sufiani wanaitwa kwa jina lake bila mtu kutema mate, na sasa mwanamke wa Babati amekuja na maneno ya mtambo. Kama mji unataka kununua, ununue. Watu wazima wale.

"Wewe ni mwosha," akaongeza. "Siku nikifa mimi, utaniosha kisha utakwenda sokoni kuwaambia nina kovu wapi?"

"Kovu lako haliwanyimi watu maji, wifi."

"Na la kaka yangu limemnyima nani? Yuko kule anangoja dua, wewe unamtafutia laana. Mali ya yatima, Mwajabu. Unajua yanavyosemwa msikitini juu ya mtu aliyegusa mali ya yatima."

Mwajabu alijua. Ndiyo maana hakuwa amekula tangu jana. Lakini neno moja lilikuwa limemkaa kooni kwa muda mrefu kuliko mambo haya ya Kisima Anga, na sasa likatoka.

"Tumemsitiri kwa watu tu. Kwa Mola hatukumsitiri kitu. Na wale watoto, hakuna hata mmoja tuliyemwendea kumwombea radhi. Tulifunika kabla ya kuomba."

Hidaya alishika ungo, akaanza kupepeta tena, kwa nguvu, ulezi mzima ukawa unaruka pamoja na pumba. Aliposema, alikuwa anautazama ule ulezi.

"Ukifanya hivyo usije kwangu. Hata siku nikifa usije kuniosha. Nitausia."

Mwajabu alisali istikhara, akangoja moyo ulalie upande mmoja. Haukulalia upande wowote. Alilala akageuka, akaamka akatawadha, akasali tena, na kikuku kwenye msumari kikawa kinajikunja peke yake. Asubuhi ya Ijumaa alivaa kikuku na baibui, akaenda Nyumba ya Bei, akaweka kiganja kwenye kioo kama anayegusa jiko kuona kama limepoa. Akasema bismillahi. Bei za Mwanga wa Kolo zikapanda kutoka chini, nyingi, mstari mrefu unaopinda na kuporomoka.

Paskalina alikuwa anaangalia pembeni, kama mtu aliyepita karibu na chumba cha kuoshea.

"Moja inatosha?" Mwajabu aliuliza.

Fundi hakutaka kumdanganya. Alisema hajui.

*

Ukumbi wa soko ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mwenyekiti Haruna aliendesha mkutano kwa haraka ya mtu aliyeamua tangu nyumbani. Alikuwa mwanamume mkavu, mwenye bidii, aliyejifunzia hesabu dukani kwa mjomba wake, na mji ulimwamini kwa sababu hakuwahi kuchelewa popote. Mwajabu alimjua tangu akiwa mtoto wa kaptula moja, akija msikitini kila mwezi na wenzake kupokea mgawo wao wa yatima. Kisha mgawo ukakoma.

Paskalina alikuwa amekiweka kioo mezani, na Haruna akamuuliza Mkumbushi mbele ya wote. Kampuni zilizoanguka kama Kisima Anga, ziliishia wapi?

"Ziliinuka," Mkumbushi alisema. "Isipokuwa moja."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikasambaa. Moja katika mamia. Hata mvua ina mwaka wake mbaya, Haruna alisema, na sisi hatuachi kulima. Mwajabu alikisikia kicheko kikifika safu yake. Amelitoa jina la mume wake kaburini, na limekuwa kichekesho.

Wakati huohuo vikuku vikapata joto, vyote kwa pamoja. Watu walinyanyua mikono wakaviangalia. Kisima Anga ilikuwa inapanda. Minong'ono ikawa kelele, mtu mmoja akataka kura ipigwe sasa hivi kabla bei haijawakimbia, na wengine wakaitikia. Hata Mwajabu mwenyewe, mkono wake ukiwa na joto lile, alijiuliza kama hakuwa mwanamke mjinga aliyemwaibisha mumewe bure.

Akasimama. Hakuwa amewahi kusema neno katika mkutano wa mji, na kelele zilipungua kwa mshangao tu.

"Mwenyekiti, naomba hiyo moja isomwe. Yote, mpaka mwisho wake. Ni ya nyumba yangu."

Haruna alitazama saa ya ukutani. Lakini mwosha maiti si mtu wa kukataliwa hadharani. Kila aliyekuwa ukumbini alikuwa na mama au dada aliyepita mikononi mwake. Akaagiza isomwe.

Mkumbushi akasoma. Kwanza ilikuwa kama habari ya kampuni yoyote, ilifunguka hapa, ilifunga pale, ikapanda, na watu wakawa bado wananong'ona. Kisha ikaanza kushuka. Ikashuka, ikainuka kidogo, na wanunuzi wakaongezeka. Mkumbushi aliwataja kwa majina, na baadhi ya majina yalikuwa ya baba zao. Ikashuka chini zaidi, ikainuka tena, na kila ilipoinuka kuna aliyenunua, na kila aliyenunua alinunua kwa bei ambayo haikuonekana tena. Minong'ono ilikwisha. Mwanamke mmoja alikuwa anaitikia kwa kichwa kila bei, kama anayeambiwa habari za mgonjwa wake. Mkumbushi hakuwa na haraka. Akafika mahali ambapo siku nzima hakuna aliyenunua, na siku ya pili hakuna.

"Mnunuzi wa mwisho," akasema, "Mfuko wa Yatima. Alinunua zote zilizokuwa zinauzwa. Bei iliyofuata, hakuna. Baada ya hapo sina kitu."

Mzee mmoja alisema innalillahi kwa sauti ya chini, na safu nzima ikaitikia, bila kufikiri, kama inavyoitikiwa habari ya kifo.

Mwajabu alikuwa amemgeukia Haruna. Alisema aliyechukua mfuko ule ni Sufiani, mume wake. Kwamba haukumalizwa na ukame. Kwamba ilipasa aambiwe siku ya maziko, wakati familia inapotangaza kuwa mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze, na hakuambiwa.

"Mwanangu, mimi ni mjane wake. Nakuomba radhi kwa ajili yake, na kwa ajili yangu."

Haruna alikuwa ameshika ukingo wa meza. 

"Alijua?" akauliza.

"Aliamini itainuka."

"Niliacha shule mwaka ule," Haruna alisema. Alisema kama anayeelezea barabara ilipopita zamani. Kisha akavua kikuku, kilichokuwa bado kina moto, akakitia mfukoni. "Radhi sijakupa, Mama. Usinihimize. Lakini kura ingoje."

Hapo ukumbi ukalipuka. Bei ilikuwa inapanda, na kila mwenye kikuku alilijua hilo mwilini mwake. Kijana mmoja wa duka la mbolea alisema wanataka kufa kiu kwa sababu ya msiba wa zamani. Mwingine akasema ikifika jioni watakuwa wamekosa nusu ya faida, na atakayelaumiwa anajulikana. Bi Hidaya, aliyekuwa ameketi upande wa wanawake, aliinuka akapita mbele ya Mwajabu bila kumtazama, akatoka nje. Paskalina akamwinamia Mwajabu sikioni. Mkumbushi bado anasema zitainuka, akamwambia. Ameongeza tu lile neno lake, isipokuwa moja. Kwake moja ni bahati mbaya. Hajafundishika.

Mwajabu alitazama safu baada ya safu. Alikuwa anaziona zote, zile nyumba alizozifunikia: kwenye nguzo ya tatu familia ya kiwanda cha ngozi, karibu na dirisha binti wa mwenye mabasi, nyuma kabisa watoto wa mwenye bwawa la samaki. Alijua nani ameketi juu ya nini. Hakuruhusiwa kusema, na hakusema. Alisimama tu. Baadhi yao waliinamisha macho, na hakuwalaumu.

Kelele zilikuwa bado hazijatulia Yasini mchinjaji alipoanza kusogea kutoka nyuma, anapenya katikati ya watu na mabega yake makubwa, anaomba njia kwa kila mtu. Baba yake ndiye aliyekuwa na bwawa la samaki. Alifika mbele, akasimama mbele ya Mwajabu kama mtu aliyekuja kuita mwosha nyumbani kwake, mikono ameiweka nyuma.

"Mama," alisema, "na za baba yangu zisomwe."

Mtu wa duka la mbolea alitaka kusema neno, akaguswa bega na aliye nyuma yake. Karibu na dirisha, binti wa mwenye mabasi alikuwa ameanza kuinuka.

Mwajabu akamuuliza Yasini jina la marehemu, ingawa alilijua.